Mwaka-nani? Jina la ukoo linapoingia chumbani

Mwezi huu sikupanga kuandika habari za majina. Nilikuwa nimekuandalia mada nyingine kabisa, ya simu na nywila, ambayo itabidi isubiri. Kilichonigeuza ni bango la harusi.

Basi bwana, shoga yangu mmoja, mhasibu hapa Dar, binti wa Kichaga, alikuwa anaolewa na kijana wa Kinyakyusa. Watu wazima wawili, wote wana kazi, wamependana miaka mitatu, mahari imeshalipwa, kamati imeshakaa vikao sita. Siku moja bwana harusi akamtumia mwenzake picha ya bango la kuweka mlangoni ukumbini. Maua meupe, dhahabu dhahabu hivi, na katikati limeandikwa kwa herufi kubwa Bwana na Bibi Mwaka-fulani. Shoga yangu akajibu kwa ujumbe wa maneno manne: "Mimi sibadili jina langu."

Majibu yakarudi usiku wa manane. "Kwa hiyo unaolewa na nani?"

Wiki mbili hawakuongea. Yaani wiki mbili kamili, na harusi imebaki mwezi na nusu. Kamati wanachangisha, mshonaji anapima, wenyewe kila mmoja kanuna kwake. Jina lenyewe sitalitaja hapa, na usidhani naleta mapozi. Ni jina nadra sana. Ukiwa wa Tukuyu ukilisikia tu utajua ni akina nani na nyumba yao iko wapi.

Tuanze na hizo herufi tatu za mwanzo, M, W na A, kwa sababu wengi wetu tunazitania bila kuzijua. Hapa mjini mtu akijitambulisha kwa jina linaloanza na Mwaka, wa pembeni lazima atamuuliza ni mwaka gani, wa kabisa au wa mkopo. Wanyakyusa wameshazoea, wanacheka na wewe halafu wanaendelea na maisha yao. Lakini hiyo Mwaka unayoitania haina uhusiano wowote na kalenda. "Mwa" ni mtoto wa, au wa ukoo wa. Kinachofuata ni jina la mtu, babu wa zamani ambaye ukoo unamhesabu kama mwanzo wake. Kwa hiyo hiyo "ka" si sehemu ya "mwaka", ni mwanzo wa jina la babu. Ndiyo maana una Mwaka wengi, halafu una Mwaki, kama Mwakipesile, una Mwai, kama Mwaipopo na Mwaikambo, na una Mwan, kama Mwandosya na Mwanjelwa. Mababu walikuwa na majina yenye vichwa tofauti, basi. Na pale "ki" inapokutana na irabu inalainika kuwa "ky", ndiyo unapata Mwakyusa na Mwakyembe. Karani wa mjini akiandika Mwakiembe anadhani amerahisisha, kumbe amemwongezea mwenzake kazi ya miezi mitatu ya kufuatilia vitambulisho. Tutarudi hapo.

Mfumo wenyewe si wa ajabu. Waarabu wana bin. Wakalenjin wa Kenya wana arap, ndiyo ile ya Daniel arap Moi. Waskoti wana Mac. Wataliano wana Di na De, Di Pietro ni wa Pietro, kama vile ungesema Mwapetro. Na Mwa yenyewe si ya Wanyakyusa peke yao, hapo wengi hukosea. Hassan Mwakinyo, bondia aliyempiga Sam Eggington kule Birmingham mwaka 2018, ni wa Tanga, lakini kila akipanda ulingoni kuna mtu wa Mbeya anadai ni ndugu yake. Vuka mpaka uende Kwale na Taita uone: Chirau Ali Mwakwere aliyekuwa waziri Kenya, Calist Mwatela aliyekuwa mbunge wa Mwatate. Mkenya akisikia Mwa anafikiria pwani na nazi, Mtanzania anafikiria baridi na ndizi. Na kusini, ukivuka mto Songwe ukaingia Karonga nchini Malawi, wapo Wangonde, ndugu wa damu na lugha wa Wanyakyusa, nao wana akina Mwakasungula wao.

Jirani zao Wanamwanga ndio walionichekesha. Wao jina linaangalia jinsia. Kaka ni Simwinga, dada wa tumbo moja ni Namwinga. Hebu fikiria afisa wa benki anapoambiwa kwamba hawa wawili wana baba mmoja.

Umaarufu wa majina haya mnaujua bila mimi kuwaambia. Profesa Mark Mwandosya alifika tatu bora ya CCM mwaka 2005, pamoja na Jakaya Kikwete na Salim Ahmed Salim. Dkt. Harrison Mwakyembe aliongoza kamati teule ya Bunge kuhusu Richmond, ile ambayo ripoti yake ya mwaka 2008 iliondoka na waziri mkuu. Profesa David Mwakyusa alikuwa daktari wa Mwalimu Nyerere kabla ya kuwa Waziri wa Afya. Mwalimu Christopher Mwakasege anajaza viwanja kwa semina za neno la Mungu. Pale Mbeya mjini soko linaitwa Mwanjelwa, kata inaitwa Mwakibete, na viwanja vya Nanenane vina jina la John Mwakangale, mpigania uhuru. Ukiingia darasani Rungwe mwalimu akiita majina kwa alfabeti, akifika herufi M anaweza kwenda kunywa chai akarudi bado hajamaliza.

Ila hapo ndipo nilipokuwa nimekosea. Nilidhani Mwa ni jina moja kubwa la kabila zima. Hapana. Kuna yanayojaza kurasa na kuna yaliyobaki kwenye nyumba saba. Jina la bwana harusi wetu ni la nyumba saba.

Nikamwambia shoga yangu, we, badala ya kununa, nendeni mkamwone bibi. Bibi mzaa baba wa bwana harusi yuko Nkunga, wilaya ya Rungwe, ana zaidi ya miaka themanini, na alikuwa hajamwona mkwewe hata siku moja kwa sababu ya miguu. Wakakubali, ila kwa masharti. Bi harusi alisema haendi peke yake na mtu asiyeongea naye. Ndiyo nikajikuta kwenye basi la alfajiri, nimekaa katikati, zaidi ya kilomita 800 mpaka Mbeya, wao mmoja dirishani na mwingine upande wa pili wa njia, nikipitisha karanga kutoka mkono huu kwenda ule kama mpatanishi wa Umoja wa Mataifa.

Kama hujawahi kutoka Uyole kuteremka Tukuyu, nakushauri uende na mpenzi wako, ila mkiwa mnaongea. Mvua, chai imekatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi, migomba, mlima Rungwe umejifunika mawingu kama mama aliyejitanda khanga. Mji wa Tukuyu Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Sisi hatukukaa mjini. Tuliacha barabara kuu tukaingia kwenye njia ya udongo mwekundu, viatu vyangu vya Kariakoo vikafia huko huko.

"Ugonile," nikajitahidi. "Ndaga, mwanangu," bibi akacheka, akanikumbatia, akamkumbatia mkwewe mara mbili zaidi.

Jioni tulikuwa jikoni, moshi unatutoa machozi, bibi anamenya ndizi za mbalaga kwa kasi ambayo mimi na shoga yangu tulikuwa tunamchelewesha tu. Bwana harusi yuko nje na babu mdogo, yaani mdogo wake marehemu babu. Shoga yangu akaona ndiyo nafasi. Akauliza kwa adabu zote:

"Bibi, hivi jina la ukoo wetu lina maana gani?"

Nilisikia hiyo "wetu" nikamtazama. Alikwepa macho yangu.

Bibi akaangalia mlango. Akashusha sauti. "Muulize babu yako mdogo. Mimi hilo silitaji."

"Hulijui maana yake?"

"Silitaji. Ni la baba mkwe."

Mpenzi msomaji, tulinyamaza wote wawili. Mwanamke ameishi kwenye ndoa ile zaidi ya nusu karne, amezaa watoto saba, amemzika mume, na jina la ukoo wa nyumba yake halijawahi kutoka kinywani mwake. Wanaita ukutila. Mke wa Kinyakyusa alitakiwa amwepuke baba mkwe wake moja kwa moja. Bibi alituambia akiwa bado mwali, akisikia tu mzee anakuja njiani, anaingia migombani, anajifunika kichwa, anasubiri apite. Hamtazami, hamsalimii, hakai naye chumba kimoja. Na jina lake halitamki.

Si jina tu. Hata maneno yanayofanana na jina. Tuchukulie baba mkwe wako anaitwa Maji. Utaomba maji ya kunywa vipi? Wanawake wa Kinyakyusa walikuwa na maneno yao ya kando, mke anabadilisha neno la kawaida na kuweka lingine ili asiguse jina la mkwe. Wataalamu wa lugha wameyachunguza, yanaitwa ingamwana. Kwa hiyo kijiji kimoja kingeweza kuwa na wake watatu wenye baba wakwe tofauti, wote wanaongea Kinyakyusa, na kila jikoni lina kamusi yake kidogo. Monica Wilson na mumewe Godfrey, wanaanthropolojia walioishi Unyakyusa katikati ya miaka ya 1930, waliyaona haya yakiwa hai kabisa. Aliandika pia kuhusu vijiji vya rika, ambapo vijana wa kiume waliondoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao pamoja na wenzao wa umri mmoja, na humo humo wakaolea. Sasa unaona inavyokaa: mke mpya anaishi kijiji cha mumewe na rika lake, baba mkwe yuko kijiji kingine. Kuepukana kukawa rahisi. Na kama kijiji hakikuambii tena nani ni mtoto wa nani, kwa sababu jirani yako ni mwenzio wa utotoni na si ndugu yako, basi kazi hiyo inabaki kwenye jina. Hayo ya mwisho ni mawazo yangu mimi, usimsingizie mama Wilson.

"Kwa hiyo bibi, hospitali ulikuwa unafanyaje?" nikauliza. "Nesi akikuuliza jina la mume?"

Akacheka mpaka kisu kikamdondoka. Alikuwa anakwenda na mtoto wa jirani. Nesi akiuliza, anamgusa mtoto begani, mtoto anataja. Siku moja mtoto akawa amesahau. Bibi akarudi nyumbani bila kuandikwa, akarudi tena kesho yake na mtoto mwingine mwenye akili zaidi.

Shoga yangu akawa ametazama moto. Najua alichokuwa anafikiria maana nami nilikuwa nakifikiria hicho hicho. Bwana harusi anadai mila inataka mke abebe jina la ukoo. Na mila yenyewe, imekaa hapa kwenye kigoda inamenya ndizi, inasema mke hata kulitamka hakuruhusiwa. Jina lilikuwa la wenye damu. Mke alikuja na jina la kwao, akabaki binti wa kwao, na baada ya kuzaa akaitwa mama fulani. Hili la Bwana na Bibi fulani tumelipokea kutoka kwenye rejesta za wamisionari na ofisi za wazungu. Wamoraviani na wamisionari wa Berlin waliingia nchi hii mwaka 1891, wakafungua vitabu vya ubatizo. Mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1890 ikaja kodi ya nyumba ya Wajerumani, halafu shule. Kila penye karatasi pakahitaji jina la mwisho, na likishaandikwa halisogei tena.

Lakini humo humo kwenye ubatizo ndimo yalimochanua yale majina ya kwanza ya Kinyakyusa ambayo mimi binafsi nayapenda kuliko ya ukoo. Mengi ni sentensi nzima. Ambwene, jina la msanii AY, ni ameniona. Atupele ni ametupa. Tulinagwe, tuko naye. Tusajigwe, tumebarikiwa. Na mengine ni neno moja lakini limeshiba: Lugano ni upendo, Lusajo ni baraka, Lusekelo ni furaha, Ipyana ni neema. Gwamaka ni wa nguvu. Dada zangu mnaotafuta majina ya watoto kwenye tamthilia za Kikorea, nchi yenu ina hazina.

Turudi Nkunga. Usiku baada ya chakula babu mdogo akatueleza maana ya jina. Tulikuwa tumejiandaa kusikia habari za chifu, za vita, za simba. Babu mdogo akasema huyo mzee wa mwanzo alikuwa mfupi sana. Walimtania, utani ukaganda, watoto wake wakaitwa watoto wa Kafupi, tuseme hivyo. Basi. Bwana harusi, kijana wa futi sita na kitu, ambaye alikuwa amelichora jina lile kwa rangi ya dhahabu, alikuwa hajui. Shoga yangu alicheka ile ya kuzuia, mabega yanatikisika. Na yeye akamwona, akashindwa, akacheka. Wiki mbili na siku tatu.

Nikadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha.

Asubuhi nikamkuta bwana harusi nyuma ya nyumba, kwenye makaburi, anang'oa majani kwenye la baba yake. "Shem," akaniambia, "mimi sigombani kwa ajili ya bango." Akaanza kunihesabia kwa vidole. Nyumba saba. Katika hizo saba, tatu wamebaki wazee watupu. Baba yake amefariki. Kaka yake alikwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, mwaka wa tisa huu hakuna simu wala salamu. Dada zake wawili wameolewa, watoto wao wana majina ya akina baba zao. "Nimebaki mimi. Mke wangu akisema hilitaki, nasikia kama anasema nife nalo."

"Umemwambia hivyo?"

Kimya. Wanaume jamani. Umemtumia mtu picha ya bango, umemuuliza anaolewa na nani, lakini hili la kaka na kaburi umemweleza shemeji yako nyuma ya nyumba.

Nikamwita mwenzake. Nikawaacha. Sikwenda mbali, nikiri, nilikaa nyuma ya mgomba kama mwali wa zamani anayemkwepa mkwe. Akamwambia yote. Na shoga yangu naye akatoa la kwake, ambalo hata mimi, miaka kumi na moja ya ushoga, sikulijua. Kwao wako wasichana wanne. Hakuna mvulana. Baba yake alisomesha wote wanne, aliuza shamba la kahawa kwa ajili ya ada ya huyu huyu, na siku ya mahafali aliangalia cheti, akaweka kidole kwenye jina la mwisho, akasema, "Angalau hapa nipo." Dada zake watatu wameshaolewa na wote wamebadili. "Na mimi nimebaki peke yangu," akasema. Maneno yale yale.

Hapo kwenye makaburi sikusikia tena mtu akiongea kwa muda mrefu.

Sasa kabla sijakwambia walivyoamua, niseme la kwangu maana naona mnanisubiri kwenye kona. Hakuna sheria Tanzania inayomlazimisha mke achukue jina la mume. Cheti cha ndoa kinathibitisha kwamba mmeoana, hakikubatizi upya. Ukitaka kubadili, badili kwa moyo wako, lakini ujue kazi yake: hati ya kubadili jina isajiliwe kwa Msajili wa Hati, halafu NIDA, pasipoti, benki, tini namba, mfuko wa pensheni, leseni. Vyeti vya shule vitabaki na jina la zamani, kwa hiyo ile hati utatembea nayo maisha yote. Na kama unaingia kwenye ukoo wenye Mwaky, hakikisha herufi moja moja, mume na mke na watoto mwandikwe sawasawa, maana i ikikaa mahali pa y siku ya mirathi mtaambiwa nyie si ndugu. Ndugu yangu mmoja alipoteza mwaka mzima kwa herufi moja kwenye ofisi moja hapa mjini. Mwaka kweli, wa kalenda.

Kwa Wataliano, kwa taarifa yenu, mke huwa anabaki na jina lake kwenye vitambulisho. Tangu sheria ya familia ya mwaka 1975 anaruhusiwa kuongeza la mume juu ya lake, si kulifuta lake. Na mwaka 2022 Mahakama yao ya Katiba ikasema mtoto apewe majina ya wazazi wote wawili, isipokuwa wenyewe wakikubaliana moja. Simsifii mtu, nasema tu kwamba wanaotuambia dunia nzima mke hubadili jina hawajazunguka dunia nzima. Hata hapa kwetu mambo hayako mstari mmoja. Mtoto wa Rungwe aliyechaguliwa Spika wa Bunge mwaka 2022 jina lake kamili ni Tulia Ackson Mwansasu, lakini nchi nzima inamwita Dkt. Tulia Ackson, na Mwansasu hajalalamika.

Ninachokiona kwenye barua zenu ni kwamba wanandoa hawagombani kuhusu jina. Mmoja anasikia "sikutaki", mwingine anasikia "msahau baba yako", na neno lenyewe halijatamkwa na yeyote. Halafu wanakuja shangazi wawili na mjomba mmoja na kundi la WhatsApp la kamati, kila mtu anatia chumvi. Kwa hawa wawili mpaka mchangishaji wa kamati alikuwa na maoni. Anachangisha, anatoa maoni, kwani umeombwa?

Na nimwambie bwana harusi lile nililomwambia kwenye basi wakati mwenzake amesinzia begani kwake: jina la nyumba saba halitaongezeka kuwa nyumba nane kwa sababu kadi ya benki ya mkeo imeandikwa Mwaka-fulani. Wanaolibeba ni watoto, na watoto kwa mila yenu hiyo hiyo ni wa ukoo wa baba, ng'ombe wameshatoka. Alitikisa kichwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Wanyakyusa ni watu wenye misimamo, waulizeni wenyewe.

Mpaka Iringa walikuwa bado wanabishana, ila sasa wanabishana wakiwa kiti kimoja, na mimi nimehamia dirishani na karanga zangu zote. Walikubaliana yeye abaki na jina la baba yake. La watoto wakakwama hapo hapo. Shoga yangu anataka jina la kwao liingie katikati, mtoto aitwe lake, la ukoo wa mama, halafu la ukoo wa baba. Bwana harusi anasema na lake yeye mwenyewe, jina la baba, litakwenda wapi? Mtoto atakuwa na majina manne, fomu zina nafasi tatu. Mpaka naandika hapa halijaisha, na mtoto mwenyewe, nasikia, anatarajiwa mwezi wa tisa. Nimekatazwa kuwaambia kwa hiyo hamjasikia kwangu.

Harusi ilikuwa nzuri. Bango lilibadilishwa, yakaandikwa majina yao mawili ya kwanza na ua katikati, gharama ya bango la pili alilipa bwana harusi bila kuomba mchango. Bibi alikuja, alibebwa kwa gari mpaka Mbeya, akapanda ndege kwa mara ya kwanza, akakaa meza ya mbele na kitenge chake. Mshereheshaji, kijana wa mjini, sauti kama honi ya lori, akashika maiki:

"Haya, ukoo wa akina Mwaka-fulani mko wapiiii! Nataka kusikia hilo jinaaa! Wote tusemeee!"

Ukumbi mzima ukalipiga lile jina mara tatu. Bibi alikuwa amejifunika kitenge mpaka machoni. Nikainama nimuulize kama anaumwa.

"Huyu kijana," akaninong'oneza, "ni mtoto wa nani? Anampigia kelele baba mkwe wangu hivi mbele za watu, kwao hawakumfundisha?"